Ungo Kwenye Mdomo wa Spika

Juzi pale Ipogolo nilikuta gari la muziki wa harusi limeegeshwa, spika zake zimezungushiwa nailoni kutoka juu hadi chini. Miguu yangu imechoka lakini mdomo bado mzima, nikamwendea kijana mwenye gari.

"Mjukuu wangu, hizi unazipeleka wapi?"

"Makambako, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Na hiyo nailoni ni ya nini?"

"Hiyo haipitishi hata tone la maji, bibi."

"Ndiyo ubaya wake," nikamwambia. Akacheka, akadhani bibi kizee anamtania, akawasha gari akaenda zake.

Sasa nyinyi mnaobeba muziki kutoka ukumbi hadi ukumbi, nisikilizeni kwa kuwa yule hakunisikiliza. Nimeshona maturubai hapa Iringa tangu nikiwa msichana mpaka vidole vilipogoma kushika sindano. Nimeyavalisha malori, matrekta, hata jeneza moja lililosafirishwa wakati wa masika. Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa koti la kasha la spika ya besi, na aliyenifundisha kulishona ni Mzee Omari. Mtu yule nilimheshimu akiwa hai na bado namheshimu. Mtaona kwa nini.

Baraza lake lilikuwa karibu na soko. Wazee wake walipanda huku na biashara kutoka pwani, yeye akazaliwa hapa hapa, baridi yetu ameizoea, ila kofia yake ya viua hakuivua hata jua lilipowaka. Sikumfuata kutafuta kazi. Nilikuwa nauza nyungo za mianzi alizosuka mama yangu kule Kalenga, na mimi sehemu yangu ilikuwa kufunga kingo. Mzee Omari akachukua ungo mmoja, akaubinya, akauvuta ukingo kama mtu mwenye ugomvi nao. Ukingo haukusogea.

"Nani kafunga huu?"

"Mimi, mzee."

"Unajua kushika shazia?"

"Shazia ndiyo nini?"

Akanionyesha lile lisindano la kushonea magunia na maturubai, nene, limepinda kidogo kwenye ncha. Nikalishika. Akaniangalia mkono, hakuniangalia uso. "Kesho njoo," akasema. Ungo akaununua, akautundika ukutani awekee mabunda yake ya uzi, na tangu siku ile mimi nikawa Binti Ungo.

Watu walisema sana. Mwanamke na maturubai wapi na wapi! Mzee hakubishana na mtu. Alinipa kipande nishone, kisha akawapa wale wasemaji wakivute, mmoja huku na mwingine kule. Wakavuta mpaka shingo zikawatoka mishipa. Baada ya hapo maneno yakapungua.

Kilichonishangaza kwake ni swali lake la kwanza kwa kila mteja. Mteja akija akisema anataka turubai la urefu fulani, Mzee atamuuliza, "Anayevaa ni nani?" Kama ni lori la mahindi, atapanda juu ya lori, atatembea juu ya magunia, atainama aone wapi turubai litasuguliwa na wapi maji yatatuama. Kama ni la pareto, atanusa mzigo. Mafundi wengine walipima kwa futi wakamaliza. Yeye aliona kila kitu kinachofunikwa kina tabia yake, na ukishona bila kuijua tabia hiyo umeshona shuka tu.

Sasa nije kwenye spika. Kaka yangu Fulgensi alikuwa mpiga besi wa bendi moja hapa mjini. Noti alijifunzia kwenye kwaya kule Tosamaganga, gitaa akajifunzia kokote alipolikuta. Kama ilivyokuwa miaka ile ya sabini, vyombo havikuwa mali ya wapigaji, vilikuwa vya wenye bendi. Kasha la besi lilitengenezwa na seremala wa hapa hapa kwa mbao za mninga, zito hilo, wanaume wakilibeba wanasahau majina ya watoto wao. Lakini tazama mbele yake, nyuma ya kile kitambaa. Kuna sahani ya karatasi, na hiyo karatasi ndiyo inayotikisika ikatoa sauti. Mbao zote zile na misumari yote ile, uhai wake uko kwenye karatasi! Na ikichanika huendi dukani. Spika za namna ile zilitoka nje, na za kutoka nje zilikuwa hazipatikani.

Koti la kwanza Mzee alilishona kwa ujuzi wake wote wa malori. Turubai zito, limepakwa nta ndani na nje, kamba zimepita kwenye matundu ya pete za shaba, linabana kasha kama soksi. Ukilimwagia ndoo ya maji unakuta ndani pakavu kabisa. Bendi ikafurahi, sisi tukafurahi. Wakaenda kupiga Igowole, ukumbi ukajaa wachuma chai hadi madirishani. Walipomaliza tu, kasha likiwa bado la moto, wakalivalisha koti, wakakaza kamba, wakakatiza kwenye ule ukungu wa Mufindi kwenda Mbeya.

Mbeya wakafungua. Fulgensi akagusa uzi wa kwanza, sauti ikatoka kama ya mtu anayeongea huku ana uji mdomoni. Akagusa wa pili, ikakwaruza. Wa tatu, kimya. Ile karatasi ililowa ikalegea, ikachanika pembeni. Kasha zima lilikuwa linatoa jasho kwa ndani, na hakuna tone la mvua lililoingia.

Fundi redio mmoja aliianika, akaiziba kwa gundi na kipande cha karatasi ya kaki, akawaambia kweli tupu: ikilowa tena, hana la kufanya. Wenye bendi nao wakatoa neno lao. Watawapa safari moja zaidi ya Mbeya. Besi ikifika bubu tena, vyombo vinauzwa na bendi inavunjwa, kila mtu arudi kwao akalime.

Fulgensi alikuja kutuambia pale barazani. Alikaa juu ya mzigo wa turubai, vidole vyake vya besi vimelala magotini kama si vyake. Kaka yangu alikuwa mtu wa utani kutwa nzima, na siku ile hakutania. Niliogopa. Nilijua gitaa likitoka mkononi mwake atabaki anatembea tu mjini, mwili upo na mwenyewe hayupo.

Nikamtazama Mzee Omari. Kazi yake haikuwahi kurudishwa. Nilitegemea atasema wapakiaji ndio wabaya, au dereva, au seremala. Hakusema hivyo. Akasema, "Lete koti." Akaligeuza ndani nje, akalinusa, akalipapasa kwenye mshono mmoja mmoja. Halafu akasema neno ambalo hadi leo nikilikumbuka nacheka peke yangu.

"Nifungeni mimi."

"Mzee?" Fulgensi akasimama.

"Kasha halisemi lilichokiona njiani. Mimi nitasema. Nifungeni humu, nipakieni mahali pake, twende."

"Mzee Omari, watu watasema umerukwa na akili."

"Watasema nikiwa ndani, sitawaona."

Dereva wa lori alikuwa Mwaisumo, mtu wa Tukuyu, mcheshi, lakini siku ile ucheshi ulimwisha. "Ee jamani, tata, baba yangu," akasema, "mimi nabeba viazi na watu, mtu aliyefungwa kama kiazi sijabeba." Tulimbembeleza mpaka akakubali, kwa masharti kwamba pua ibaki nje. Tukamfunga Mzee Omari ndani ya koti la spika, kofia yake ya viua kichwani, tukamsimamisha nyuma ya kibini cha dereva, pale pale kasha liliposimama, tukamkaza kwa kamba zile zile. Mimi na Fulgensi tukakaa pembeni yake. Lori likaondoka kuelekea Mafinga.

Mafinga kulikuwa na mama muuza mahindi ya kuchemsha. Akasogea na beseni lake, akaliweka ukingoni mwa lori. Turubai likamsalimu Kihehe kwa adabu, "Kamwene, mama. Mahindi yameiva hayo?"

Yule mama sijui alipita wapi. Beseni alituachia.

Tulipomfungua Mzee alikuwa anatetemeka, kanzu imemganda mgongoni, na ndani ya koti matone yametanda kote. Fulgensi akasema, "Hilo ni jasho lako, mzee. Spika haitoki jasho."

"Kasha lako linatoka wapi likifungwa?" Mzee akauliza. "Si linatoka ukumbini? Limekaa na pumzi za watu wote wale, limepata moto, mbao zimekunywa ule mvuke. Halafu mnalifungia humo na nta, mnalipeleka kwenye baridi. Ule mvuke uende wapi? Unageuka maji, unaikuta karatasi."

Kisha akatuonyesha mahali palipomuuma. Si tumboni wala mgongoni. Ni visigino, viwiko na mabega, kila mahali ambapo lori lilimgusa kwa ncha. "Kasha nalo linaumia pembeni," akasema. "Tunalijaza blanketi tumboni bure." Akala hindi moja la yule mama, akaacha malipo kwa jirani yake, tukarudi.

Wanangu, mimi nimeona mafundi wengi. Fundi aliyeambiwa kazi yake ina kasoro akakubali kuingia ndani ya kasoro hiyo na kufungwa kamba, nimemwona mmoja.

Koti la pili lilitusumbua. Kwanza kuna jamaa alituambia tujaze sufi, kama mto wa kulalia. Tukajaza, likapendeza, kufika asubuhi panya ameshahamia na familia yake. Tukatoa sufi yote, tukatumia blanketi kuukuu, tabaka moja tu. Kwenye kila pembe ya kasha Mzee akaweka soli ya katambuga, zile ndala za matairi, akaishonea ndani ya turubai. Fulgensi akaanza kurudisha utani wake, akasema besi sasa imevaa viatu, imebaki kunyoa. Nta tukapaka juu na mabegani tu, ambako mvua inapiga. Chini tukaacha turubai likiwa kavu lisilo na nta, na midomo ya kupitishia hewa inayotazama sakafu, ili vumbi na maji visipande.

Iliyobaki ni ile karatasi yenyewe. Tulihitaji kitu cha kuikinga mbele, kisichoigusa, kinachopitisha hewa, na mtu akikiegemea kwa kiwiko kisibonyee. Ubao uliziba hewa. Wavu wa kuku ulipiga kelele na kuchana kitambaa. Mzee alizunguka baraza lote akigusa hiki na kile. Mimi nilikuwa natafuta bunda la uzi, mkono uko ukutani, na ndipo nilipouona ungo wa mama yangu kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Nikamwaga mabunda yote chini. Nikaupeleka kwenye kasha, nikaufudikiza juu ya mdomo wa spika, tumbo la ungo likitazama nje. Ulikaa sawasawa kama umesukwa kwa ajili yake. Nikaubonyeza kwa goti. Mianzi ililia kidogo, ikarudi.

Mzee Omari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Binti Ungo," akasema, "sasa wewe ni fundi." Nilijifanya nakusanya uzi.

Siku ya safari tulikwenda wote, maana Mzee alisema aliyelivalisha kasha atalivua mwenyewe. Hapa ndipo nataka mshike kalamu, nyinyi wa nailoni. Kasha lililotoka kupigwa halivalishwi koti hapo hapo. Liache wazi mpaka uweke shavu kwenye mbao ulisikie limepoa kama ukuta wa chumba. Usilifunge kwenye chuma cha lori, likalishe juu ya magunia, nasi siku ile tulilikalisha juu ya mahindi. Mdomo uelekee kibini, usitazame upepo. Na kamba ukishaikaza Iringa, ikaze tena Ifunda, kwa sababu magunia yanakaa, na kamba iliyokuwa ngumu inageuka kamba ya kuanikia nguo. Kwenye mawe Mwaisumo aliendesha taratibu kama anabeba mayai ya mkwewe. Chimala tulikula vumbi, kupanda kuelekea Uyole tukanyeshewa manyunyu. Mzee alikuwa anaingiza mkono chini ya koti, kwenye ile midomo, anautoa, anautazama, anaukausha kwenye kanzu.

Mbeya lilikuwa dansi la mchana, tulikuwa tukiliita bugi, na vijana walishajaa nje ya ukumbi. Bwana mmoja wa wenye bendi alikuwepo amesimama mlangoni na suti yake ya mikono mifupi, mikono nyuma. Wabebaji wa ukumbini wakaja kwa nguvu. Nikafungua kamba, nikavuta koti. Ungo ukatokea.

Wabebaji wakarudi nyuma kwa pamoja. Mmoja alikanyaga mguu wa mwenzake wala hakumwomba radhi.

"Hicho nini?" mlinzi wa ukumbi akauliza.

"Ungo," nikasema.

"Naona ni ungo! Ungo wa nini kwenye muziki?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Pale barazani tulifikiria maji, vumbi, mawe na viwiko. Hatukufikiria jambo ambalo mtoto yeyote wa nyanda zetu angetuambia: wachawi wanasafiri na nini? Na sisi tumesafiri kutoka Iringa na ungo, tena umefunikwa, tena umefungwa kamba. Minong'ono ilikimbia kwenye lile kundi la vijana hadi nyuma. Mlinzi akanyoosha mkono mlangoni. "Hilo halipiti hapa. Mrudi nalo."

"Ndugu, ni la kukinga spika," Fulgensi akasema.

"Kinga ndiyo hiyo hiyo ninayoikataa!"

Yule bwana wa suti akatazama saa yake. Nikaona midomo ya kaka yangu imekauka. Besi ilikuwa imefika, hata hatujajua ni nzima au bubu, na bendi ilikuwa inakufa pale nje ya mlango kwa sababu ya ungo wa mama yangu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Uani mwa ukumbi kulikuwa na mama mpishi, Mama Tusekile, mnene, sauti yake inafika barabarani. Alikuwa ameshika sufuria ya mchele anatafuta pa kuupepetea. Mzee Omari akautoa ungo kwenye spika, akaushika kwa mikono yote miwili, akamwendea mbele ya watu wote.

"Shemeji, umekosa ungo?"

"Wangu umetoboka, tata."

"Chukua huu. Umetoka Iringa, haujachoka."

Mama Tusekile akautazama, akamtazama mlinzi, akawatazama wale wabebaji wanaume wenye vifua. "Ee jamani! Yaani nyie mnaogopa ungo? Kwenu mnakula wali wenye mawe?" Akamwaga mchele, akaurusha, pumba zikaruka zikamtua mlinzi usoni. "Ndaga fijo, asante sana, tata. Ungo mzuri huu, ukingo wake umefungwa na mtu."

Mtu mmoja akacheka, halafu wote. Mlinzi akajifuta pumba, akashusha mkono. Wabebaji walinyanyua kasha kwa aibu, wakaliingiza ndani haraka kuliko walivyozoea.

Fulgensi alichomeka gitaa. Mimi nilisimama mlangoni, sikuweza kuingia wala kutoka. Akagusa uzi wa kwanza. Sauti ikatoka nene, safi, ikapita kwenye sakafu ikanipanda miguuni. Akagusa wa pili, wa tatu. Kaka yangu akainua uso akanitafuta kwa macho, na nilikuwa nalia bila kujua nimeanza saa ngapi. Yule bwana wa suti akatoa mikono nyuma, akapiga makofi mara chache, akaenda kutafuta soda. Habari ya kuuza vyombo hatukuisikia tena. Lile koti nililitia viraka miaka na miaka, na bendi ile ilikuja kunipigia kwenye harusi yangu.

Lakini siku ile pale ukumbini nilimkosa Mzee Omari. Yeye hakuwahi kuingia kwenye dansi. Alikuwa mtu wa msikiti, akisema kazi yake ni kuvalisha, kucheza wacheze wenyewe. Ndiyo kusema alikuwa amelihangaikia lile kasha, amefungwa kamba kwa ajili yake, na hakuwahi kusikia linasema nini.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, ameegemea ukuta wa mabati wa ukumbi. Mama Tusekile alikuwa amempakatisha ungo wenye mchele amshikie wakati anachochea moto. Ndani bendi ilikuwa imeanza. Kila Fulgensi alipogusa uzi mnene bati lilitetemeka, Mzee akatetemeka nalo, ungo nao ukapokea, na punje za mchele zikarukaruka mapajani mwake.

Mama Tusekile akageuka kutoka kwenye moto. "Tata, mchele wangu unacheza. Na wewe je?"

"Mimi nimeshika ungo tu, shemeji," akajibu bila kuinua macho.

Nikatazama chini. Kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimetoka nje ya ndala, kinagusa vumbi na kuinuka, kinagusa na kuinuka, sawasawa na besi ya kaka yangu.